Barua ya Wazi kwa Wenye Dola na Wenye Mimbari: Pimeni Damu ya Kila Muumini kwa Kipimo Kimoja

Waheshimiwa viongozi wa serikali, mahakimu na wakuu wa vyombo vya usalama. Waheshimiwa masheikh, maaskofu, wachungaji, marabi, makuhani wa mahekalu na watawa. Pamoja nanyi mnaomiliki mitandao ambamo maneno ya wote hawa hupita:

Ninawaandikia kwa unyenyekevu, lakini bila kuficha uchungu. Kati ya tarehe 15 Machi na 27 Aprili mwaka 2019, yaani ndani ya siku 43 tu, watu wa dini tatu waliuawa wakiwa katika ibada. Kwanza walikuwa Waislamu 51, waliopigwa risasi siku ya Ijumaa katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand, na mtu aliyekuwa ameandika majina ya vita vya kale juu ya bunduki zake na aliyeyarusha mauaji hayo mubashara mtandaoni. Kisha, Jumapili ya Pasaka, walipuaji wa kujitoa mhanga waliotangaza utiifu kwa kundi linalojiita Dola la Kiislamu waliingia katika makanisa matatu na hoteli kubwa nchini Sri Lanka, wakaua watu zaidi ya 250. Siku sita baadaye, siku ya mwisho ya Pasaka ya Kiyahudi, kijana aliyelelewa kanisani alifyatua risasi ndani ya sinagogi la Poway, California, akamuua mwanamke mmoja na kujeruhi watu watatu, naye alikuwa ameandika kwamba muuaji wa Christchurch ndiye aliyempa mfano.

Niliyafuatilia matukio hayo kupitia vyombo vya habari, na kilichonikaa moyoni hadi leo, mbali na vifo vyenyewe, ni jinsi tulivyovipokea. Watu wema ninaowaheshimu, wanaofunga na kusali na kutoa sadaka, waliuliza dini ya muuaji kabla ya kuuliza idadi ya waliokufa. Aliyekuta kwamba waliouawa ni wa kwake alilia na kudai hatua zichukuliwe. Aliyekuta kwamba muuaji ni wa kwake alitafuta udhuru, akasema ana maradhi ya akili, au alichokozwa, au hakuwa muumini wa kweli. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na sioni pahali ambapo methali hiyo inatuvua nguo kama hapa.

Ombi langu kwenu ni hili: ipimeni damu ya kila anayeuawa kwa jina la Mungu kwa kipimo kimoja, muuaji awe wa dini yenu au wa dini ya jirani yenu, na kipimo hicho kionekane katika sheria mnazotunga, katika maneno mnayochagua mnapozungumza na umma, katika ulinzi mnaoutoa na katika mahubiri ya siku yoyote mnayokusanyika. Mimi ni mtu wa ibada. Dini yangu sitaitaja humu, kwa maana najua kwamba nikiitaja, nusu ya wasomaji watayakubali maneno yangu kabla hawajayapima, na nusu nyingine watayakataa vivyo hivyo.

Nianze na ninyi wenye mimbari na madhabahu, kwa kuwa kwenu ndiko udhuru unakotungwa. Kila mmoja wenu anaweza kuyataja kwa ufasaha mauaji yaliyofanywa na watu wa dini nyingine, na wachache sana huweza kuyataja ya kwao bila kushusha sauti. Daktari wa Kiyahudi, Baruch Goldstein, aliingia katika Msikiti wa Ibrahimi mjini Hebron tarehe 25 Februari 1994 akaua Waislamu 29 waliokuwa wakisali. Kundi la waasi la LRA la Joseph Kony, ambalo liliteka nyara maelfu ya watoto kaskazini mwa Uganda na kuwafanya askari na wake za makamanda, lilidai kwamba linataka kutawala kwa Amri Kumi. Nchini India, mwezi Februari 2002, watu 59, wengi wao mahujaji wa Kihindu, waliungua ndani ya behewa la treni huko Godhra, na katika siku zilizofuata watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika jimbo la Gujarat, wengi wao Waislamu ambao hawakuwa na habari yoyote ya treni ile. Mjini Tokyo, tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa Aum Shinrikyo, kundi lililochanganya mafundisho ya Kibudha, ya Kihindu na ya Kikristo, walimwaga sumu ya sarini katika treni za chini ya ardhi. Mwaka 2014 Wayazidi, watu wa dini ndogo ya kale, wa Sinjar nchini Iraq walichinjwa, na wanawake wao wakauzwa kama bidhaa, na watu waliokuwa wakinukuu Kurani wakati wa kufanya hivyo. Hata dini ya Budha, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa upole wake, ilimtoa mtawa Ashin Wirathu wa Myanmar, aliyezunguka kwa miaka akiwahubiria watu wawachukie Waislamu. Baraza kuu la watawa nchini humo lilimpiga marufuku kuhubiri kwa mwaka mmoja mnamo Machi 2017, na kufikia Agosti mwaka huohuo Warohingya, jamii ya Waislamu wa huko, walianza kukimbilia Bangladesh kwa mamia ya maelfu, vijiji vyao vikiteketea nyuma yao.

Sijayapanga matukio haya ili dini moja ionekane nafuu kuliko nyingine, na ninakiri kwamba orodha hii haijatimia. Nimeyapanga ili mtu yeyote kati yenu anayesema “hao si wetu” ajue kwamba wenzake wote wanasema maneno hayohayo, kwa sauti ileile, kuhusu watu wao. Wale wauaji walisali sala zenu. Walijifunza maandiko yenu, ingawa waliyapotosha, na wengine wao walibarikiwa na watu waliovaa mavazi yenu. Kuwakana si kosa, lakini anayekana bila kuuliza alipotoka aliyekanwa anaacha mlango wazi kwa mwingine.

Lipo jambo jingine ambalo nadhani halijatazamwa vya kutosha. Mohandas Gandhi, aliyeongoza harakati za uhuru wa India, aliuawa tarehe 30 Januari 1948 na Nathuram Godse, Mhindu mwenzake, aliyemwona kuwa amewapendelea Waislamu. Anwar Sadat, rais wa Misri, aliuawa tarehe 6 Oktoba 1981 na wanajeshi Waislamu wenzake, baada ya kufanya amani na Israel. Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israel, aliuawa tarehe 4 Novemba 1995 na Yigal Amir, Myahudi mwenzake, mwanafunzi wa sheria aliyedai kwamba dini inamruhusu kumwondoa mtu anayeihatarisha jamii yake. Watu hawa watatu hawakuuawa na adui wa nje. Mwenye itikadi kali humchukia mtu wa dini nyingine, lakini anayemwogopa hasa ni mtu wa dini yake mwenyewe anayempa jirani mkono, kwa sababu huyo ndiye shahidi kwamba watu wanaweza kuiishi dini hiyohiyo kwa namna nyingine. Ndiyo maana watu zaidi ya 300 waliuawa wakati wa sala ya Ijumaa katika msikiti wa al-Rawda, rasi ya Sinai nchini Misri, tarehe 24 Novemba 2017, ilhali waliouawa walikuwa Waislamu na waliotuhumiwa kuwaua walijiita Waislamu. Basi kiongozi wa dini anayenyamaza ili kulinda heshima ya jamaa zake anamlinda mtu ambaye, akipata nguvu, atawageukia jamaa haohao.

Nami sina haki ya kuwanyooshea kidole bila kujinyooshea mwenyewe. Niliwahi kuketi katika ibada ambamo mhubiri aliwaita watu wa dini nyingine wadudu. Hakusema wauawe, alisema tu kwamba ni wadudu, akaendelea na somo lake, na baadhi ya waumini wakacheka. Mtoto aliyekuwa ameketi karibu nami alimuuliza baba yake kama na mwalimu wake wa hesabu ni mdudu. Baba alimwekea mtoto kidole mdomoni. Mimi nilitazama chini, na ibada ilipokwisha nikampa mhubiri mkono kama kawaida. Hakuna aliyeuawa kwa sababu ya hotuba ile, kwa kadiri nijuavyo, lakini nimeshasoma vya kutosha kuhusu mauaji ya halaiki kujua kwamba kabla ya watu kuuawa kwa wingi huitwa kwanza majina ya wadudu na wanyama, na kwamba wanaosikia majina hayo mara ya kwanza huwa ni watu wa kawaida kama mimi, walioketi kwa utulivu na kutazama chini.

Mtaniambia kwamba dawa ni kupunguza dini katika maisha ya vijana. Sikubaliani na dawa hiyo, na si kwa sababu tu mimi ni muumini. Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2017 ripoti iliyotokana na mahojiano na mamia ya watu waliokuwa, au waliowahi kuwa, wanachama wa makundi yenye itikadi kali barani Afrika. Asilimia 57 ya waliohojiwa walikiri kwamba maandiko ya dini yao waliyaelewa kidogo sana au hawakuyaelewa kabisa, au hata hawakuyasoma. Na ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba kupata elimu ya dini kwa muda usiopungua miaka 6 kulipunguza uwezekano wa mtu kujiunga na makundi hayo kwa hadi asilimia 32. Mwajiri wa vita hamtaki mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kuuliza aya iliteremka lini, mstari uliandikwa kwa nani, na wanazuoni walitofautiana wapi. Anamtaka kijana mwenye hasira na aya mbili tatu alizozisikia nusunusu. Kwa hiyo ninachowaomba ni kufundisha kwa kina, pamoja na yale maandiko magumu ambayo kwa sasa mnayaruka kwa kuona haya, kwa kuwa mkiyaruka ninyi, wapo watakaoyasoma kwa niaba yenu.

Na wapo waliokwisha kuonyesha njia. Mjini Kaduna, Nigeria, Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye waliwahi kuwa upande huu na upande ule wa makundi ya vijana yaliyopigana. Wuye alipoteza mkono wake wa kulia katika mapigano hayo. Ashafa alipoteza mwalimu wake wa dini na ndugu zake wawili. Hawakuanza kupendana kwa hotuba moja. Walipokutanishwa katikati ya miaka ya 1990 kila mmoja alikuwa bado na kisasi moyoni, na ilichukua muda mrefu kabla hawajaaminiana kiasi cha kusafiri pamoja. Kazi waliyoianzisha mwaka 1995, ambayo mimi naiona kuwa ngumu kuliko kuandika tamko lolote, ilimtaka kila mmoja arudi kwa watu wake mwenyewe na kuwaambia makosa yao. Mwaka 2002 walisaidia kuwaleta viongozi wa dini wa mji huo kutia saini azimio la amani, na miezi michache baadaye ghasia zililipuka tena na watu wengi wakafa. Wangeweza kuacha wakati huo. Hawakuacha.

Huko Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, waasi wa Seleka, wengi wao wakiwa Waislamu, walipoipindua serikali mwezi Machi 2013, na wanamgambo wa Anti-balaka, wengi wao wakiwa Wakristo na wafuasi wa dini za jadi, walipoanza kulipiza kisasi kwa raia Waislamu, Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga alimpokea Imamu Omar Kobine Layama na familia yake nyumbani kwake, nao wakaishi humo kwa miezi. Pamoja na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou walizunguka nchini wakikataa neno “vita vya dini”, kwa kuwa walijua kwamba neno hilo ndilo wapiganaji walilolihitaji. Nzapalainga alikuwa na kila sababu ya kidunia ya kusema maneno mazuri redioni na kufunga mlango wake. Nawauliza ninyi, waheshimiwa, ni nani kati yenu ambaye nyumba yake ingefunguliwa usiku huo?

Sasa nageukia wenye dola. Mtu wa kabila na dini ya walio wengi anapoua waumini wa dini ya walio wachache, mara nyingi huitwa mtu mpweke mwenye matatizo, na picha zake za utotoni huonyeshwa. Muuaji akiwa wa dini ya walio wachache, huitwa gaidi saa ileile, na jamii yake nzima huitwa ieleze. Sheria ya ugaidi isiyofuata kitendo ila imani ya mtendaji haiwezi kuaminiwa na wale inaowaelekea daima. Tunayo methali kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ni methali ya kuchagua samaki, na haifai kamwe kuingia katika kituo cha polisi. Indira Gandhi, waziri mkuu wa India, alipouawa tarehe 31 Oktoba 1984 na walinzi wake wawili Masingasinga, miezi michache baada ya jeshi kushambulia Hekalu la Dhahabu, patakatifu pao mjini Amritsar, makundi ya watu yaliingia katika mitaa ya Delhi na miji mingine yakaua maelfu ya Masingasinga ambao kosa lao lilikuwa kilemba na ndevu. Wengi wa waliochochea mauaji hayo hawakufikishwa mahakamani, na waliofikishwa baadhi yao walihukumiwa zaidi ya miaka thelathini baadaye, wakati wajane waliowashtaki wamekwisha kuzeeka.

Ripoti niliyoitaja hapo juu ina takwimu nyingine ambayo ningependa ibandikwe katika kila ofisi ya usalama. Walipoulizwa ni tukio gani hasa lililowafanya waamue kujiunga, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Muhubiri anaweza kuwa amesema kwa miaka bila kupata mtu. Kisha askari wakaja usiku, wakamchukua kaka, kaka asirudi, na asubuhi yake muhubiri akapata msikilizaji. Mwezi Julai 2009 kiongozi wa Boko Haram, Mohammed Yusuf, alikamatwa akiwa hai na jeshi la Nigeria, akakabidhiwa kwa polisi, akafa mikononi mwao bila kuona hakimu. Sisemi kwamba kundi lake lilikuwa la wapole kabla ya hapo, maana mamia ya watu walikuwa wamekwisha kufa katika mapigano ya mwezi huo. Nasema kwamba dola ilikuwa na mtu ambaye ingeweza kumsimamisha kizimbani mbele ya watu wote, ili maneno yake yahojiwe na makosa yake yathibitishwe, ikachagua kuwapa wafuasi wake shahidi wa kumlilia. Kundi lilijipanga upya na kurudi likiwa kali zaidi, na kufikia usiku wa tarehe 14 Aprili 2014 liliweza kuwachukua wasichana 276 kutoka shule ya Chibok. Ninaposikia kiongozi akisema kwamba haki za watuhumiwa ni anasa ya nyakati za amani, huwakumbuka wasichana hao.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kutotenda pale taarifa inapofika. Kabla ya mashambulizi ya Pasaka nchini Sri Lanka, idara za ujasusi za India zilikuwa zimetoa onyo wiki mbili hivi mapema, na viongozi wa Kiislamu wa nchini humo walikuwa wamekwisha kumlalamikia Zaharan Hashim, aliyeongoza njama hiyo, miaka kadhaa kabla. Wale ambao baadaye wangetazamwa kwa shuku mitaani ndio waliokuwa wametoa taarifa. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimwamuru aliyekuwa rais, Maithripala Sirisena, kulipa waathirika rupia milioni 100 kutoka katika mali yake binafsi, na maofisa wengine wakuu nao waliamriwa kulipa. Sijui hukumu nyingine nyingi zilizomfikia mkuu wa nchi mfukoni kwa sababu ya uzembe wa aina hiyo, na natamani mahakimu wanaoisoma barua hii waitafakari.

Kuhusu maneno ya chuki, msinielewe vibaya. Serikali nyingi zinapenda mno neno “uchochezi”, na hulitumia kumnyamazisha anayewakosoa, au hutunga sheria za kufuru ambazo jirani huzitumia dhidi ya jirani yake waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Salman Taseer, gavana wa jimbo la Punjab nchini Pakistan, aliuawa na mlinzi wake mwenyewe tarehe 4 Januari 2011 kwa sababu ya kusema kwamba sheria ya namna hiyo irekebishwe. Ibara ya 20 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inazitaka nchi zipige marufuku uhamasishaji wa chuki ya kidini unaochochea ubaguzi, uhasama au vurugu, na Mpango wa Utekelezaji wa Rabat, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2012, ulieleza namna ya kuupima: yatazamwe mazingira ya wakati huo, hadhi ya msemaji, nia yake, maneno yenyewe na namna yalivyosemwa, upana wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea karibuni. Kwa mizani hiyo, mzee anayelalamika kibarazani hafanani na askofu au sheikh mwenye wafuasi laki moja anayesema maneno hayohayo siku moja baada ya mauaji. Nchi nyingi zimeukubali mkataba huu. Ni mahakama ngapi zimewahi kuitumia mizani hiyo dhidi ya mhubiri wa dini ya walio wengi, ambaye rais humwalika kwenye dhifa?

Ninyi wenye mitandao nitawaandikia kwa ufupi, kwa kuwa makosa yenu mmekwisha kuyakiri wenyewe. Mwezi Novemba 2018 Facebook ilikubali kwamba haikufanya vya kutosha kuzuia mtandao wake kutumiwa kuchochea vurugu nchini Myanmar. Wakati chuki dhidi ya Warohingya ilipokuwa ikipanda, wakaguzi wenu wa maudhui waliojua Kiburma walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Baada ya Christchurch kampuni hiyohiyo ilisema kwamba katika saa 24 za kwanza iliondoa nakala milioni 1.5 za video ya mauaji. Nawaomba muajiri watu wanaoijua lugha kwa undani, wenye kutambua tusi lililofichwa ndani ya methali au ndani ya aya, kwa kila lugha mnayovunia fedha, kabla moto haujawaka. Anayeweza kuuza tangazo kwa lugha fulani hana udhuru wa kutoielewa lugha hiyo.

Nimesitasita kuhusu wapiganaji wanaorudi kutoka msituni na jangwani, kwa sababu sina jibu la haraka. Dominic Ongwen, aliyehukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kifungo cha miaka 25 mwezi Mei 2021 kwa makosa aliyoyatenda akiwa kamanda wa LRA, alitekwa na kundi hilo akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Mahakama ilimwona kuwa na hatia na wakati huohuo ikaupunguza uzito wa adhabu kwa sababu ya utoto wake ulioporwa. Naona kwamba ilijitahidi kuyashika yote mawili, na ninawasihi mjitahidi hivyo pia: waathirika wasikilizwe kwanza, walipwe fidia bila kuombwa kuthibitisha dini yao, na mtoto aliyelazimishwa kuua asichanganywe na mtu mzima aliyemlazimisha.

Nahitimisha kwa mambo ambayo ningependa kujibiwa. Kwenu wenye dola: orodhesheni hadharani nyumba za ibada zilizoshambuliwa katika miaka kumi iliyopita, za dini zote, mkionyesha kwa kila moja kama kuna mtu aliyehukumiwa, na waachieni au wafikisheni mahakamani wote mnaowashikilia bila mashtaka. Kwenu wenye mimbari: muuaji atakapotoka tena katika dini yenu, mtajeni kwamba alikuwa mtu wenu, nendeni kwa miguu yenu kwenye mazishi ya aliowaua, kisha rudini mkachunguze ni nani aliyemfundisha. Kwenu wenye mitandao: tangazeni idadi ya wakaguzi mlio nao kwa kila lugha.

Barua hii naituma kwenu nyote kwa nakala moja, bila kubadilisha neno hata moja kwa ajili ya dini ya mpokeaji.

Wenu kwa heshima na taadhima,
Muumini mmojawapo